Jinsi ya kuhesabu wanaolala nje mjini Moshi bila kumhesabu mtu mara mbili

Mwongozo huu ni wa maafisa ustawi wa jamii, watendaji wa kata na vikundi vinavyoshirikiana nao. Arusha unafaa vilevile, ila huko gawa mji vipande vidogo zaidi.

Hatua ya 1: Amua unamhesabu nani

Ni aliyelala nje usiku huo: barazani, stendi, sokoni, kwenye jengo lisilokwisha. Mtoto anayeshinda mjini akiuza karanga na kurudi kwao Pasua kulala ana fomu yake, siku nyingine. Mlinzi aliyesinzia, abiria anayengoja basi la alfajiri na mfanyabiashara aliyejilaza juu ya magunia yake hawamo. Sensa ya 2022 iliwahesabu wasio na makazi usiku wa kuamkia 23 Agosti, lakini haikuambii nani yuko nyuma ya soko la Mbuyuni leo.

Hatua ya 2: Ruhusa

Barua kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa mkuu wa wilaya na mkuu wa polisi wa wilaya. Omba kwa maandishi pasiwe na msako wiki hiyo.

Hatua ya 3: Tarehe na saa

Epuka masika, na epuka Desemba kuanzia katikati, mji unapofurika watu waliorudi nyumbani. Marekani huhesabu siku kumi za mwisho za Januari kwa sababu baridi huwasukuma watu kwenye vituo vya kulala, ambako ni rahisi kuwahesabu. Hapa kuiga tarehe hiyo hakuna faida. Chukua katikati ya wiki, saa 7 usiku hadi saa 10 alfajiri. Ukichelewa, stendi imeshaamka.

Hatua ya 4: Msimbo wa kila mtu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Utahesabu mara mbili, usiku wa kwanza na wa pili ukiacha siku mbili au tatu katikati, kisha utatafuta nani ameonekana mara zote mbili. Jina la mtaani halifai, maana hubadilika, na jina kamili halipaswi kuwa kwenye fomu ya mtaani. Tumia msimbo: herufi mbili za jina la mama, nafasi ya kuzaliwa, wilaya alikotoka, jinsia. Kwa mfano NE-3-ROMBO-ME: mama ni Neema, yeye ni mtoto wa tatu, katoka Rombo, ni wa kiume.

Uliza "jina la mama yako la kubatizwa au la kupewa ni lipi?" Ukiuliza tu "mama yako anaitwa nani?" utajibiwa "Mama Rahel", na nusu ya misimbo yako itaanza na MA. Rahel na Lahel ni mtu yuleyule, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba L na R zote zinaandikwa R. "Kwetu Kibosho" na "kwetu Moshi Vijijini" ni wilaya moja. Beba orodha ya kata na wilaya. Asiyemjua mama yake mwandikie XX, kisha ongeza alama isiyobadilika, kama kovu la mkono wa kushoto. Aliyelala usimwamshe: andika mahali, jinsia na umri wa kukadiria, na umweke pembeni ya hesabu ya misimbo.

Karatasi na penseli, tafadhali. Simu inayowaka saa 8 usiku huwaita vibaka na huwatisha watoto. Data iingie kwenye kompyuta asubuhi. Mikate na chai pia visubiri. Ukigawa usiku wa kwanza, usiku wa pili watoto wenye kwao nao watakuja.

Hatua ya 5: Hesabu

Tuseme usiku wa kwanza umepata misimbo 62, wa pili 57, na 38 imejirudia. Jumlisha 1 kwa kila namba: 63 × 58 ÷ 39, kisha toa 1. Jibu ni 93 hivi, yaani makadirio ya wote pamoja na ambao hukuwaona, ingawa uliowaona kwa macho ni 81. Sasa kosea misimbo 8 tu, ya kujirudia iwe 30: jibu linaruka hadi 117. Watu 24 wamezaliwa na herufi L! Ndiyo maana misimbo inayokaribiana ilinganishwe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Ukiripoti, taja makadirio ya chini na ya juu: kwa mfano huu, takriban 83 hadi 103. Waliokuwa wamelala wataje kando.

Hatua ya 6: Peleka kikaoni

Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto haihitaji grafu. Ipe jedwali: msimbo, umri, eneo, hitaji, nani amelibeba, tarehe ya kurudi kuangalia. Safu ya "nani" iwe na cheo cha mtu mmoja. Ukiandika "wadau", hakuna atakayekwenda. Polisi wapewe idadi kwa eneo tu. Majina, kama yapo, yabaki kwenye kabati la afisa ustawi, na ufunguo akae nao yeye.