Jinsi ya kuikagua simu ya vioo viwili kabla hujatoa hela

Wakuu, ukikutana na simu ya vioo viwili kwa muuza used, iwe Surface Duo ya Microsoft au zile LG zenye kava la kioo cha pili, usiikague kama unavyokagua Samsung ya kawaida. Wengi wanauliza kamera megapikseli ngapi, GB ngapi, chaji inakaaje, basi wanalipa. Hizi simu nazipenda sana kiukweli, na ndio maana inaniuma kuona mtu anachukua moja afu baada ya wiki mbili anatumia kioo kimoja tu, kile kingine kimekaa bure kinakula chaji.

Anza na kazi zako mwenyewe. Fikiria siku yako ya kawaida, ni lini unajikuta unarukaruka kati ya apu mbili? Kama unauza vitu mtandaoni, WhatsApp ya wateja inakaa kushoto na orodha ya mzigo na bei inakaa kulia, mteja akiuliza unasoma hapohapo unajibu. Mwanafunzi anafungua PDF huku, anaandika noti kule. Hao wawili simu hii inawafaa kabisa. Ila kama wewe ni mtu wa mpira na muvi na unataka tu kioo kikubwa, Duo sio yako, kwa sababu kwenye Duo ya kwanza kila kioo ni inchi 5.6 na vyote pamoja vinatoa inchi 8.1 lakini katikati kuna bawaba, na ukitanua picha ikae vioo vyote ule mstari unapita katikati kabisa, mchezaji anaingia upande huu anapotea kidogo anatokea upande wa pili. Mtu wa muvi achukue simu yenye kioo kimoja kinachokunjika.

Sasa ukiwa dukani mwambie muuzaji akupe muda, asiyetaka kukupa muda achana naye. Weka laini yako, ingia WiFi au tumia bando lako, fungua apu mbili unazotumia kweli, sio apu za demo. Kopi namba ya simu kwenye meseji upande mmoja, kaipesti upande wa pili. Angalia kibodi inatokea kioo kipi na inaziba nini, angalia ukigusa huku kule panaganda au panaendelea. Hapa ndipo simu hizi zinajiumbua, unagusa kitu hakiitikii, unageuza simu inachelewa kujua umegeuza, unaikunja na kioo kinachowaka kinakuwa kile cha nyuma badala ya kile unachokitazama. Ikunje na kuikunjua mara nyingi bila haraka, kwa Duo igeuze mpaka vioo vikae nje mgongo kwa mgongo, uone kama kila mara inaelewa. Ikikosea mara moja moja ni kawaida yake, ikikosea kila unapogeuza usiichukue.

Bawaba yenyewe isimame popote utakapoiacha. Ukiiacha nusu ikaanguka yenyewe, au ukisikia inakwaruza, au ukiifunga na kingo za pande mbili hazikai sawa, hiyo ilishadondoka. Kwa Duo ya kwanza angalia sana fremu nyeupe pale kwenye tundu la chaji, malalamiko ya plastiki kupasuka hapo yalikuwa mengi tangu simu inatoka, na ufa mwembamba hauonekani vizuri mpaka umulike na tochi.

Vioo vikague kimoja kimoja. Weka picha nyeupe tupu kwenye vyote viwili kwa pamoja, ulinganishe rangi, kimoja kikiwa na unjano kuliko mwenzake ujue kimetumika zaidi au kimebadilishwa. Afu weka nyeusi utafute vidoa. Tachi ipime kwa kuwasha chaguzi za wasanidi (Developer options) kwenye setingi, kuna sehemu inachora mstari kufuata kidole chako, pitisha kidole kioo kizima mpaka pembeni karibu na bawaba, mstari ukikatika hapo kuna sehemu imekufa.

Ukichukua LG V60 au G8X cha kuuliza kwanza ni adapta ya sumaku. Kile kioo cha pili kipo kwenye kava na kava linaziba tundu la chaji la simu, kwa hiyo ukitaka kuchaji kwa waya na kava likiwa limevaliwa lazima uwe na kile kiadapta kidogo, na ni kitu cha kupotea kirahisi sana. Muuzaji akisema "utapata tu mjini" mpunguzie bei hapohapo. Uzuri wa LG ni kwamba kava likifa simu inabaki simu nzima. Duo kioo kimoja kikifa umebaki na nusu, na fundi wa kuifungua ni kazi kumpata maana imebanwa kwa gundi na ni nyembamba mno, Duo ya kwanza ni milimita 4.8 ikiwa wazi, betri zenyewe zimegawanywa vipande viwili, kila upande na chake.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwa macho ni programu. Kioo cha pili kinaishi kwa programu ya kampuni iliyokitengeneza, kampuni ikiondoka kinabaki bila mwenyewe. YotaPhone ya Urusi ilitoka Desemba 2013 na kioo cha wino wa kielektroniki mgongoni, wazo zuri sana lile, unasoma kitabu juani na chaji haishuki, lakini kampuni ilifilisika 2019. LG walitangaza kuacha biashara ya simu Aprili 2021. Duo ya kwanza iliingia sokoni Septemba 2020 kwa dola 1,399, ikafika Android 12L, na masasisho yakakoma Septemba 2023, Duo 2 nayo yakakoma Oktoba 2024. Kwa hiyo nenda setingi uone tarehe ya sasisho la mwisho la usalama, uamue kama utaweka apu ya benki humo. Mimi ningeiweka benki kwenye simu nyingine.

Pia izime na kuiwasha mbele yako. Ikionyesha onyo kwamba butiloda (bootloader, ile programu inayowasha mfumo wa simu) imefunguliwa, kuna mtu ameichezea mfumo, na apu nyingi za benki zitakataa kufanya kazi. Halafu kuna Duo zilizouzwa na AT&T ya Marekani zikiwa zimefungwa mtandao, yaani hazikubali laini ya kampuni nyingine, ndio maana nimesema weka laini yako, upige simu uongee kabisa dakika kadhaa ukiwa umeikunja, umuulize wa upande wa pili kama anakusikia. Piga *#06# upate IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, na kwa Tanzania itume kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi kama ndilo hilo.

Kamera ya Duo ya kwanza ni moja tu, ya ndani, megapikseli 11, na NFC, ile ya kulipa kwa kugusisha simu, haina. Usiipime kwa picha.

Bei: ipigie hesabu ya simu ya kioo kimoja ya mwaka uleule, usilipie kioo cha pili hata shilingi. Muuzaji atasema iliuzwa dola elfu na kitu, ni kweli, lakini kikiharibika spea hana wala fundi wake hana. Dai risiti yenye IMEI na angalau wiki moja ya kurudisha, na hiyo wiki uitumie kama simu yako kuu, laini yako kuu ikiwa ndani.