Gari inavuta upande mmoja? Usikimbilie alaimenti

Wadau, salamu. Gari ikianza kuvuta upande, jibu la kijiweni ni moja: "Peleka alaimenti," yaani wakaweke sawa pembe za magurudumu. Nami nilipeleka. Probox yangu ilifanyiwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na bado nikitoka Chalinze kwenda Morogoro nafika mabega yanauma kwa kuizuia isiingie porini. Kumbe ni pini iliyoshika kutu kwenye kalipa (ile inayobana pedi za breki). Dawa yake ilikuwa msasa na grisi.

Kwanza tutenganishe. Usukani ukikaa kombo huku gari inakwenda sawa, hilo ni la tairodi (vyuma vinavyogeuza magurudumu ya mbele), na alaimenti inalimaliza. Kuvuta ni pale unapolegeza vidole gari ikahama njia yenyewe. Haya ni magonjwa mawili, na wengi tunalipia dawa ya lile la kwanza huku tunaumwa la pili.

1. Inavuta lini?
Tafuta barabara tulivu, iliyonyooka, mwendo wa 50 hivi. Legeza vidole, usiachie usukani. Kumbuka barabara zetu zimebinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, na sisi tunapita kushoto, kwa hiyo gari nzima kabisa nayo huserereka kushoto taratibu. Jaribu sehemu iliyo tambarare kabla ya kuilaumu gari. Halafu angalia: inavuta muda wote, ukikanyaga breki tu, au ukikanyaga mafuta tu? Jibu hilo peke yake linakuokolea nusu ya gharama.

2. Upepo
Gari huvuta upande wenye upepo mdogo. Pima asubuhi kabla hujaendesha, kwa geji moja, tairi zote. Kipimo kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Zilizotoka Japani kimeandikwa Kijapani, lakini namba zinasomeka: 220 kPa ni kama psi 32, na 230 ni kama 33.

3. Tairi zenyewe
Tairi inaweza kuwa na kashata (meno) nzuri na bado ikavuta. Waya za ndani zikikaa vibaya, hubingirika kama bilauri ya plastiki uliyoilaza mezani: haiendi mbele, inazunguka. Hamisha za mbele ziende nyuma, kila moja upande wake. Mvuto ukiisha, umempata mchawi. Au badilisha za mbele tu, ya kushoto iende kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, ni tairi. Ila zile zenye mshale wa kuzunguka usizibadilishe upande.

4. Breki
Hapa ndipo penye mambo. Endesha kama kilomita 10 bila kugusa breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na rimu za mbele. Usiguse disiki, utaungua. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, breki yake haiachii, na gari itavuta huko huko.

Kujua nani ameshika: weka kuni nyuma ya magurudumu, piga jeki, egemeza kwenye stendi (jeki peke yake si ya kuaminiwa). Kanyaga breki, achia, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, fungua kidogo nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Likilegea hapo hapo, mafuta ya breki yalikuwa yamenaswa. Mara nyingi ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani, unapitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Lisipolegea, ni pistoni au pini. Pini zipakwe grisi maalumu ya breki, maana ile ya beringi huvimbisha raba.

5. Chini ya gari
Bushi za amu (raba za mikono inayoshika magurudumu), boljointi, springi iliyokatika. Kuvuta ukikanyaga mafuta na kurudi ukiachia ni dalili kubwa ya bushi.

6. Sasa alaimenti
Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Gari nyingi ndogo za kwetu, mbele hurekebishwa tairodi tu. Kinachovuta hasa ni kemba (gurudumu kulalia ndani au nje) na kasta (mhimili unaogeuzia gurudumu kulalia nyuma). Ukiingia shimo gurudumu likasukumwa nyuma, kasta ya upande huo inapungua na gari inavuta huko. Fundi akizungusha tairodi siku nzima, atakunyooshea usukani tu.

MASWALI

Swali: Mkuu, IST yangu inavuta kushoto muda wote. Upepo sawa, rimu hazina moto, alaimenti tayari.
Jibu: Hatua ya 3 umeiruka, kaka. Badilisha tairi za mbele, kisha rudi hapa.

Swali: Samahani fundi, yangu inavuta kulia nikifunga breki tu. Gereji wanataka kubadilisha pedi zote za kulia.
Jibu: Dada, subiri. Pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli, si upande mmoja. Halafu ikivuta kulia ukifunga breki, mara nyingi mgonjwa ni wa kushoto: hafungi, wa kulia anabeba kazi peke yake. Wafungue kalipa ya kushoto waangalie kama pistoni inatoka na pedi haina mafuta. Na usisafiri nayo mbali.

Swali: Niko Lubumbashi, huku tunapita kulia. Hesabu ni ile ile?
Jibu: Ile ile, ila barabara inateremkia kulia, kwa hiyo kuserereka kidogo kulia usikuogope.

Swali: Mimi ni fundi, sikubaliani na 6. Nimeshaona gari inavuta, tukagusa tou tu (magurudumu kutazama ndani au nje) ikapona.
Jibu: Ya mbele au ya nyuma? Ekseli ya nyuma ikikaa mshazari, gari inatembea kama kaa na unalazimika kushika usukani kombo muda wote. Hapo nakubali, ningeliandika. Ya mbele peke yake hujigawa pande mbili. Inakula tairi lakini haivuti sana.
Fundi: Ilikuwa ya nyuma, iligonga ukingo wa barabara. Sawa.

Swali: Mkuu, ni mimi wa IST. Nimebadilisha, sasa inavuta kulia!
Jibu: Basi moja kati ya hizo mbili. Soma namba nne za mwisho za DOT ubavuni: 2316 maana yake wiki ya 23, mwaka 2016. Zinasemaje?
IST: Moja 1121. Nyingine 3814. Niliinunua mtumba.
Jibu: Peleka hiyo ya 2014 kwa watengeneza kandambili.