Namna ya kuimbisha kanisa mpaka mama wa safu ya tatu aimbe

Kanisani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, kuna mama anayekaa safu ya tatu, upande wa wamama, karibu na nguzo. Kila Jumapili hushuka kwa miguu kutoka Cimpunda, kitenge kimefungwa vizuri, Biblia iko ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Kusoma hajui, Biblia anasomewa na mjukuu wake. Nyimbo zote anazo kichwani. Mimi ninaimbisha tangu 2010, na nikitaka kujua kama kanisa linaimba, namwangalia yeye. Mdomo wake ukicheza, tunaendelea. Akiufunga na kunitazama kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri mbele ya wageni, najua kosa ni langu na wimbo unaofuata naubadilisha.

Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wadogo zangu wanaonifuata uani baada ya ibada: "Yaya (yaani dada mkubwa), na mimi nataka kuimbisha, nianzie wapi?"

Anzia kwenye noti ya juu

Wengi huanza kwa kuuliza ni wimbo gani unapendwa sasa. Mimi nauliza unapanda mpaka wapi.

Ibada nyingi za mji huu zinauawa na gamu, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaanzia. Kijana anaushika wimbo kwenye simu, ameuimba mwanaume wa Kinshasa mwenye sauti nyembamba ya kupanda mawinguni, naye anauleta Jumapili vilevile ulivyo. Yeye anaufikia. Watu mia tatu walio mbele yake hawaufikii, wananyamaza, halafu anawakemea kwamba leo wamekuja na roho nzito. Roho zao hazina shida. Wamepewa mzigo ambao koo zao haziwezi kuubeba.

Watu ambao hawakufundishwa kuimba huwa na raha kati ya noti ya la ya chini na re ya juu (noti hupanda hivi: do, re, mi, fa, sol, la, si). Mi wanaigusa, fa wanaipigia kelele, sol wanakuachia peke yako. Kaa na mpiga kinanda katikati ya wiki, imba polepole mpaka pale wimbo unapopanda zaidi, mwambie aitafute noti hiyo. Tuseme wimbo uko katika do na kilele chake ni fa. Uteremshe sauti moja na nusu: do inakuwa la, fa inakuwa re. Basi, umemaliza. Kama ibada ni ya saa mbili asubuhi, ondoa nusu sauti nyingine, maana Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi, na koo la mtu aliyetoka kwenye ukungu wa ziwa bado limelala. Ila angalia na chini. Ukiteremsha mno, wamama wanabaki kunong'ona na maneno hayasikiki.

Mpiga kinanda asiteremshe kwa kubonyeza kitufe cha kubadili gamu. Ajifunze wimbo kwa vidole, katika gamu ile tutakayoimba. Hili nalisisitiza kwa sababu lilitupata. Jumapili moja umeme ulikatika katikati ya ubeti wa pili. Tuliendelea kwa makofi, vizuri kabisa, watu wamefumba macho, mpaka jenereta ikawaka. Kinanda kilipowaka tena kilikuwa kimesahau kitufe chake, na kijana wetu akaingia kwa nguvu zote katika do ya mwanzo huku kanisa zima liko katika la. Watu walishtuka, mama mmoja aliyekuwa amepiga magoti akasimama, na maombi yaliyokuwa yamefunguka yakafungwa. Hatukuyapata tena siku ile.

Lugha ya kufungulia na lugha ya kurudia

Wimbo wa kwanza uwe wa Kiswahili, na uwe wa zamani. Mtu ametoka nyumbani amegombana na maji, watoto na matope ya Kadutu, usimpe mtihani mlangoni. Wakishajaa na kupata joto, Kimashi, lugha ya Wabashi wa hapa, kinaweza kuingia. Ukimtaja Nyamuzinda, jina la Mungu katika Kimashi, wazee wanasimama wenyewe bila kuambiwa. Lakini kumbuka ndani kuna Warega, Wahavu, Wafuliiru, Wabembe, na wageni waliovuka mpaka wa Rusizi kutoka Rwanda. Kaa katika Kimashi korasi mbili au tatu, kisha urudi nyumbani kwa wote, kwenye Kiswahili.

Kilingala kinahitaji kazi kidogo. Kabla ya kuufundisha wimbo, ulizia kila neno. Si kila mtu wa hapa anajua kwamba nkembo ni utukufu au motema ni moyo, na sipendi kumwimbisha mtu maneno anayoyatoa kama kasuku mbele za Mungu. Waeleze maana kwa sentensi moja, kisha uimbe.

Na wimbo wa kuabudu uwe na maneno machache. Msikilize Angela Chibalonza, dada yetu wa Kongo aliyeishi Kenya akafa katika ajali ya barabarani Septemba 2007. Kiswahili chake kinakwenda taratibu, sentensi fupi, kinarudi palepale mpaka hata aliyechelewa ibada anaushika wimbo kabla haujaisha. Alain Moloto wa Kinshasa, aliyefariki 2013, alifanya kazi hiyohiyo katika Kilingala pamoja na kundi la Gaël. Wasikilize ukiwa na kalamu: hesabu maneno, hesabu pumzi.

Mikono yako ndiyo usukani

Mpiga bezi hasomi moyo wako. Alhamisi, kwenye mazoezi, pataneni alama. Kwetu kidole kinachozunguka maana yake korasi irudiwe. Ngumi iliyofungwa, vyombo vyote vinyamaze, sauti zibaki. Kiganja kinachotazama chini, punguzeni. Vidole viwili, twende ubeti wa pili. Zaidi ya alama tano watu wanachanganya.

Mahali pagumu kuliko pote ni kutoka kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kucheza, kwenda kuabudu. Sebene ni yetu, watu wamecheza, leso ziko hewani, na mwimbishaji asiye na uzoefu anakata ghafla kama dereva aliyekanyaga breki kwenye mteremko. Shuka ngazi moja moja. Ondoa kwanza matasa ya ngoma, kisha mi-solo, lile gitaa la kati. Acha bezi na gitaa la solo vizunguke, wewe imba korasi ya mwisho kwa nusu sauti. Bezi ishuke. Kinanda kishike kodi moja tu, yaani noti chache zinazopigwa pamoja. Vuta pumzi nne, bila kuogopa ule ukimya, halafu uanze wimbo wa polepole.

Katikati hapo usiseme neno. Najua wengi hupenda kuhubiri kati ya wimbo na wimbo, nami nilifanya hivyo miaka miwili mizima. Papa Pasta ana dakika zake. Wewe una dakika ishirini na tano na nyimbo nne, zinatosha.

Wako wanaosema mazoezi yanamzima Roho. Nawatuma wasome 1 Mambo ya Nyakati sura ya 15, waone kwa nini Kenania aliwekwa juu ya uimbaji: alikuwa stadi.

Nenda kwenye matanga

Ukiniuliza shule bora ya mwimbishaji, nitakwambia usiku wa matanga. Hakuna mikro, hakuna kinanda, hakuna orodha. Kuna turubai, viti vya kuazima, makaa, na watu ambao huwezi kuwadanganya kwa mbwembwe. Ukianza juu mno, wimbo unakufa ubeti wa kwanza, na hakuna bafle (spika) ya kukuficha. Unajifunza kuokota wimbo ambao bibi ameuanzisha pembeni katika gamu yake mwenyewe, kuubeba, na kuupokeza mwingine unapochoka. Saa tisa ya usiku, watu wamechoka kulia, utagundua ni nyimbo zipi zinakaa ndani ya watu na ni zipi tunaimba kwa mazoea tu. Mimi nina daftari. Asubuhi baada ya matanga naandika nyimbo tatu zilizosimama. Jumapili nazitumia.

Mtu aliyenifundisha hili alikuwa mzee wa korali yetu. Tarehe 3 Februari 2008 ilikuwa Jumapili, mimi bado msichana wa sauti ya pili, tumesimama mbele tunaimba. Kama saa tatu na nusu asubuhi ardhi ikatikisika. Vumbi lilishuka kutoka kwenye dari, watu wakakimbilia mlangoni, na tulipotoka uani tulikuta watoto wanalia na wamama wanaita majina. Ng'ambo ya Rusizi kuna kanisa liliwaangukia watu wakiwa katika ibada, hilo tulilisikia baadaye. Yule mzee alisimama katikati ya uani, hakuwa na chochote mkononi, akaanza wimbo wa kila siku, chini sana, karibu kama anaongea. Waliokuwa karibu naye wakaitikia, kisha wa nyuma yao. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu mkono, na nilihisi vidole vyake vikilegea kidogokidogo.

Studio na barua za mwaliko

Mwimbishaji akishajulikana, atataka kurekodi, na ni vizuri. Andika wimbo wako kwenye karatasi kwanza, na tarehe, na jina la kila aliyetia mkono, hata kama ni korasi tu. Sheria ya Kongo inayolinda kazi za watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na shirika linalosimamia haki hizo ni SOCODA. Nenda ukajiandikishe kabla redio hazijaanza kuupiga. Ndugu wengi wamegombana ndani ya kanisa moja kwa sababu ya wimbo ambao hakuna aliyeuandika.

Ingia studio ukiwa umeuivisha wimbo, maana saa za pale unazilipia kwa dola, na noti ya pesa iwe nzima, ikichanika pembeni wanaikataa. Na shika gamu yako. Mwaka 2016 nilirekodi wimbo wangu wa kwanza katika studio moja ya mjini. Fundi akaniambia uko chini, unasikika wa kizee, tuupandishe sauti mbili. Nilikuwa na hamu, nikakubali. Ulitoka unang'aa, ulipigwa redioni, watu walinisimamisha sokoni ninapouzia vitenge wakanipongeza. Jumapili nikauanza kanisani kama ulivyorekodiwa. Kanisa lote likanitazama. Waliupenda, walipiga makofi, wengine walitoa simu. Mama wa safu ya tatu alikuwa ameweka mikono mapajani.

Baada ya ibada alinishika bega. "Mwanangu, wimbo ni mzuri. Sasa sisi tutaimba lini?"

Wiki ileile niliurudisha chini sauti mbili na nikaondoa ule mzunguko wa mwisho ambao niliuweka ili watu wajue naweza. Redioni bado uko juu. Kanisani uko katika sol.

Kuhusu mialiko sitasema mengi. Ukiitwa Goma, kubalianeni kabla ya kupanda boti: tiketi ya kwenda na ya kurudi, mahali pa kulala, chakula cha wanamuziki, na yote yawe kwenye ujumbe wa maandishi. Kuuliza si tamaa. Mwaka mmoja nilibaki bandarini na vijana wawili, gitaa na bezi mgongoni, bila nauli ya kurudi, kwa sababu niliona aibu kuuliza. Na uwe na kazi yako. Vitenge ndivyo vinavyosomesha watoto wangu, kwa hiyo ninapoingia kanisani siangalii bahasha ya mtu.

Shuka ukakae

Jumapili ya tatu ya kila mwezi sishiki mikro. Naiacha kwa mmoja wa wadogo zangu, nami nakwenda kukaa chini, katika watu. Fanya hivyo hata kama unaogopa watakuzoea ukiwa kimya. Mara ya kwanza nilikaa karibu na yule mama, kwenye nguzo. Nilijua nyimbo zote, nilikuwa nimezipanga mimi mwenyewe, lakini pale nilipokaa sikusikia neno hata moja. Bafle ya kushoto ilikuwa inapiga moja kwa moja kwenye nguzo, sauti inarudi imevurugika, na ngoma inafunika kilichobaki. Miaka yote ile alikuwa akiimba kwa kusoma midomo yangu.

Jumatatu tulikuja na ngazi na kamba, tukaiinua ile bafle na kuigeuza ielekee mlangoni.