Kadi ya pointi ya duka la nguo: piga hesabu hivi ndo ujue inakulipa au unailipa wewe

Mi nimefanya kazi upande wa pili wa kaunta, kupanga hizi programu za pointi za maduka ya nguo, yaani mnakaa na kalkuleta mnaamua mteja apewe pointi ngapi, zianze kutumika zikifika ngapi na zife lini. Sasa hesabu ileile tuliyokuwa tunapiga sisi nataka uipige wewe, ila kwa faida yako. Unahitaji simu, risiti zako za mwaka uliopita (kama hutunzi risiti, historia ya malipo kwenye simu inatosha), na moyo wa kusoma vigezo na masharti mpaka chini kabisa kwenye yale maandishi ya sisimizi.

Hatua ya 1: Jua unaacha hela ngapi pale hata bila kadi

Usianze na ofa, anza na matumizi yako. Jumlisha ulivyonunua kwenye hilo duka miezi 12 iliyopita, toa vile ulivyorudisha, halafu toa na vya seli kama masharti yanasema vitu vilivyopunguzwa bei havina pointi, na mengi yanasema hivyo. Hela ya kuletewa mzigo na kadi za zawadi nazo mara nyingi hazihesabiwi, zitoe. Kinachobaki ndo hela yako inayozaa pointi na usishangae ikiwa nusu ya ulivyodhani.

Hatua ya 2: Geuza pointi ziwe asilimia

Pointi zipo ili usione hela. Ukiambiwa "umepata pointi 500" unajisikia tajiri kidogo, ukiambiwa umerudishiwa asilimia 3 unasema aah kumbe. Kwa hiyo fanya hivi: tafuta unatakiwa utumie kiasi gani mpaka upate vocha, halafu gawanya thamani ya vocha kwa hicho kiasi. Mfano duka linatoa pointi 1 kwa kila 100 unayolipa na pointi 500 zinakupa vocha ya 1,500. Pointi 500 ni matumizi ya 50,000, chukua 1,500 gawanya kwa 50,000, unapata asilimia 3. Basi. Wakikuletea "pointi dabo wikiendi hii" maana yake ni asilimia 6 kwa manunuzi ya wikiendi hiyo tu, na seli ya kawaida ya asilimia 20 inaizidi mbali sana.

Na kuna kitu watu wengi hawakioni, vocha ya asilimia 10 siyo sawa na punguzo la asilimia 10. Ukilipa 10,000 ukapewa vocha ya 1,000 ya siku nyingine, umelipa 10,000 kupata mali ya 11,000, ambayo ni punguzo la asilimia 9.1, na hapo tumeshakubali kwamba utarudi, utapata unachokitaka, na vocha utaitumia yote. Duka la jirani linalokata asilimia 10 papo hapo limeshinda, hela iko mfukoni mwako na hudaiwi kurudi.

Hatua ya 3: Tafuta pointi zinafia wapi

Hapa kaa, maana hapa ndo programu nyingi zinaporudisha kila kilichotolewa kwenye matangazo.

Kwanza muda. Chukua ile namba ya hatua ya 1, tuseme ni 30,000 kwa mwaka, na duka letu la mfano linataka 50,000 ndo upate vocha na pointi zinakufa baada ya miezi 12. Wewe kwenye hiyo programu unapata sifuri. Siyo asilimia 3, siyo asilimia 1.8, sifuri, kila mwaka, huku apu inakuambia "umebakiza kidogo!" Kama muda wa pointi kufa unaanza upya kila ukinunua kitu kipya hapo ni afadhali, ila soma vizuri, kuna tofauti kati ya pointi kufa miezi 12 tangu uzipate na miezi 12 tangu ununue mara ya mwisho.

Pili vocha yenyewe. Angalia inadumu siku ngapi, inataka ununue kuanzia kiasi gani, inakubali vitu vya seli au hapana, na chenji inarudi au inapotea. Vocha ya 1,500 inayodumu mwezi mmoja na inayotaka ununue kuanzia 10,000 ni kuponi ya asilimia 15 yenye haraka, na kama huo mwezi hukuwa na shida ya nguo basi thamani yake kwako ni hakuna.

Tatu, kurudisha nguo, na hii kwenye nguo ni kubwa kuliko kwenye biashara nyingine kwa sababu saizi zinadanganya, hasa ukinunua mtandaoni. Ukirudisha, pointi zinanyang'anywa, sawa hiyo ni haki. Ila muulize keshia: nikilipia na vocha halafu nikarudisha suruali, vocha narudishiwa? Sehemu nyingine inarudi na tarehe yake ileile ya kufa, sehemu nyingine hairudi kabisa.

Na usidhani pointi zinazosahauliwa ni bahati mbaya ya duka. Zipo kwenye hesabu toka mwanzo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, kinaitaka kampuni iweke sehemu ya hela ya mauzo kama deni mpaka pointi zitumike au zife, na inakadiria mapema ni ngapi hazitadaiwa. Uvivu wako wana makadirio yake.

Hatua ya 4: Ngazi za silva na goldi

Hizi ni ngazi za uanachama, unapanda kadri unavyotumia hela nyingi zaidi pale. Swali ni moja tu, je kwa matumizi yangu ya kawaida nafika? Kama unafika bila kujisukuma, chukua. Kama unatakiwa uongeze 8,000 ili upande ngazi, andika hiyo 8,000 kama bei, halafu orodhesha unachopata ambacho kweli utakitumia. "Kuona mzigo mpya kabla ya wengine" siyo faida, ni tangazo limekuwahi wewe.

Kuna jaribio la watafiti Nunes na Drèze lililochapishwa 2006, waligawa kadi 300 za sehemu ya kuosha magari, nusu zilitaka mihuri 8, nusu zilitaka 10 lakini 2 zimeshagongwa tayari. Kazi ni ileile, kuosha mara 8. Waliomaliza kwa kadi za kwanza walikuwa asilimia 19, kwa zile za kupewa "mwanzo" asilimia 34. Sasa ukijiunga ukakuta umezawadiwa pointi 100 za kukukaribisha, unajua zinafanya kazi gani: zinakusukuma ufike ngazi ya juu.

Hatua ya 5: Bei ya memba

Duka likiandika bei mbili, ya memba na ya kila mtu, usiangalie tofauti ya hizo mbili. Linganisha bei ya memba na bei ya nguo ya aina hiyo sehemu nyingine. Piga picha lebo, rudi kuangalia baada ya wiki kadhaa, maana kuna bei ya kila mtu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuuziwa kwayo.

Hatua ya 6: Kama kuna ada, au ni kadi ya mkopo

Ada: gawanya ada kwa asilimia yako halisi. Ada ya 2,000 kwa asilimia 5 inataka utumie 40,000 ndo urudi sifuri, faida inaanza baada ya hapo.

Kadi ya mkopo ya duka: kama hulipi deni lote kila mwezi, achana nayo, sina maneno mengi. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi inakula pointi zako za asilimia 3 kabla mwezi wa pili haujaisha.

Hatua ya 7: Wanachochukua kwako

Namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, saizi, unanunua saa ngapi, unarudisha nini. Hiyo ndo bidhaa yako kwenye hii biashara. Tumia barua pepe ya pembeni, zima ujumbe wa ofa siku hiyohiyo, na kama apu inataka kujua ulipo muda wote, kataa, pointi zitaingia tu.

Uamuzi

Kwangu mimi, kadi ya bure inayobaki na asilimia 3 au zaidi baada ya hatua ya 3, kwenye duka unalonunua tayari, jiunge. Chini ya asilimia 1 usijisumbue, labda kama wanakupa kurudisha bure au kupunguziwa nguo kwa fundi bila malipo, hivyo viwili nimeona vinaokoa hela kuliko pointi zenyewe. Katikati hapo angalia kama ni usumbufu.

Ukijiunga, weka alamu wiki 3 kabla ya pointi kufa. Mwaka ukiisha rudia hatua ya 1, na kama matumizi yako pale yamepanda kwa kiasi kinachozidi vocha ulizopata na huwezi kusema ulihitaji nguo gani ya ziada, maliza pointi zilizobaki kwanza, halafu futa akaunti.