Mayai ya chura hayaanguliwi kwenye bwawa la bustani? Angalia haya kwanza

Inauma kuona bonge la mayai limekaa bwawani siku zinapita na hakuna kiluwiluwi hata mmoja, ila kabla hujamwaga dawa au kubadilisha maji yote chota mayai machache na kijiko uweke kwenye glasi uyaangalie kwa karibu. Yai zima lina kidoti cheusi na kikikua kinaacha kuwa duara, kinarefuka na kujipinda kama alama ya mkato. Kikibaki duara halafu kikawa cheupe au kijivu, hilo yai limekufa au halikurutubishwa kabisa.

Hapo kwenye kurutubisha ndo wengi hawapajui. Dume anamkumbatia jike mgongoni na kumwaga mbegu mayai yanapotoka tu, maana ute unaozunguka mayai ukigusa maji unavimba haraka na mbegu hazipenyi tena, sasa dume akichelewa au akisukumwa na wenzake basi tena. Bonge zima likiwa jeupe mara nyingi sababu ni hiyo, wala sio kosa lako.

Kama yamekufa ya juu tu na kulikuwa na barafu usiku, hayo yaligandishwa. Bado kuna baridi kali? Lisukume bonge taratibu liingie chini kidogo ya uso wa maji, usilizamishe hadi kwenye tope maana kule oksijeni ni kidogo.

Maji nayo yakague. Ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku 1 au 2, japo kama mamlaka ya maji inatumia kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) kukaa hakusaidii, bora maji ya mvua. Dawa ya mwani yenye shaba na dawa za wadudu zinazotiririka toka kwenye maua ni sumu kwa mayai, na pH (kipimo cha asidi ya maji) ikishuka chini ya 5 hali inakuwa mbaya.

Zile nyuzi nyeupe ni fangasi, kwa kawaida inaanzia kwenye yai lililokufa tayari halafu inasogelea jirani, kwa hiyo toa yaliyooza tu, mengine yaache.

Na jamani subirini, kwenye baridi huchukua wiki 2 hadi 3 au zaidi, penye joto siku chache tu. Yakishindikana kabisa tafadhali usilete mayai ya bwawa lingine, utaleta na magonjwa ya kuua vyura wakubwa uliokuwa nao.