Somo: Kuvua samoni na trauti katika Ziwa Michigan, kuanzia boti ya kukodi hadi siku ya mashindano

Wengi waliokulia kando ya Ziwa Victoria au Tanganyika, kisha wakahamia Grand Rapids, Milwaukee au Chicago, hufika ufukweni mwa Ziwa Michigan wakiwa na mazoea ya wavu, karabai na mtumbwi, na hushangaa kuona boti zikienda taratibu maili kadhaa kutoka nchi kavu, zimetandaza fimbo kumi na mbili pande zote kama miguu ya kaa. Uvuvi huo ndio ule ambao wavuvi wa pwani huuita kurambaza, yaani kuvuta mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Nimevua kwa namna hiyo kwa misimu kadhaa, kwanza nikiwa abiria wa boti za kukodi, baadaye nikiwa mmoja wa timu ndogo ya mashindano, na jambo ninalotaka msomaji alishike ni hili: katika ziwa lenye urefu wa kilomita karibu 500 na kina kinachofikia mita 281, kazi ya kwanza ni kutafuta maji yanayomfaa samaki, kwa maana samaki mwenyewe yumo humo.

Ni vyema kujua kwanza samaki hawa wamefikaje. Trauti wa ziwa ni mwenyeji, lakini kufikia miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kabisa au karibu kwisha kutokana na uvuvi wa kupita kiasi na uharibifu wa lampirei, kiumbe mfano wa mkunga anayejibandika ubavuni mwa samaki na kumfyonza damu, ambaye alipenya hadi huku kupitia mifereji ya meli. Wawindaji wakubwa walipotoweka, mgeni mwingine wa baharini, samaki mdogo aitwaye elwaifu, alizaliana bila kizuizi hata mizoga yake ikajaa fukweni. Mwaka 1966 Idara ya Hifadhi ya Jimbo la Michigan, ambayo idara yake ya samaki iliongozwa na Howard Tanner, iliachilia koho wachanga, aina mojawapo ya samoni, katika Mto Platte, na mwaka uliofuata ikaleta samoni aina ya Chinook. Wote wawili asili yao ni Bahari ya Pasifiki. Hadi leo chakula kikuu cha Chinook katika ziwa hili ni elwaifu, na kwa hiyo anayemtafuta Chinook hana budi kujua elwaifu amekwenda wapi.

Hatua ya kwanza: kuchagua majira na bandari

Mwezi wa Aprili na Mei, maji ya kusini, kuanzia Chicago hadi Michigan City, hupata joto mapema kuliko mengine, na koho hukusanyika huko karibu na ufuko. Huu ndio wakati mzuri wa kumleta mtoto au mgeni, kwa kuwa safari si ndefu na samaki hula kwa pupa. Julai na Agosti ni majira ya Chinook, na bandari zinazosifika ni Ludington na Manistee upande wa Michigan, pamoja na Racine, Sheboygan na Algoma upande wa Wisconsin. Agosti 2021, karibu na Ludington, alipandishwa Chinook wa ratili 47.86, aliyevunja rekodi ya jimbo iliyokuwa imesimama tangu 1978. Ifikapo Septemba samaki waliopevuka husogea kwenye midomo ya mito wakielekea kutaga, ngozi yao huwa nyeusi na nyama hupoteza ubora, na wakishaingia mtoni huacha kula, hutaga, kisha hufa.

Hatua ya pili: kukodi boti

Sheria ya Marekani humtaka nahodha anayebeba abiria kwa malipo awe na leseni ya Walinzi wa Pwani, na leseni ya kawaida ya boti hizi ndogo huruhusu abiria sita tu wanaolipa. Uliza leseni hiyo bila haya. Uliza pia kama nahodha ataahirisha safari hali ya hewa ikiwa mbaya na malipo ya awali yatakuwaje, kwa sababu nahodha anayeahidi kuondoka kwa vyovyote ni wa kuepukwa. Leseni yako ya kuvua, pamoja na stempu au kibali cha samoni na trauti pale jimbo linapokitaka, ni jukumu lako, nayo hununuliwa mtandaoni usiku uliotangulia. Vaa nguo nzito hata kama mjini ni joto kali. Baharia anayekuwekea chambo na kukusafishia samaki hupewa bakshishi, na desturi ni asilimia 15 hadi 20 ya bei ya safari.

Hatua ya tatu: kutafuta maji

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Wakati wa kiangazi ziwa hujipanga kwa matabaka: juu kuna maji ya uvuguvugu yanayofikia nyuzi 20 za Selsiasi, chini kabisa kuna maji baridi ya nyuzi 4 au 5, na kati yao kuna ukanda mwembamba ambamo joto hushuka ghafla. Chinook hupenda maji ya nyuzi 12 hivi, na trauti wa ziwa hupenda yenye baridi zaidi, nyuzi 9 au 10, kwa hiyo mara nyingi hukaa chini yake, hata kugusa sakafu ya ziwa. Kosa la mgeni ni kuuliza kina kilichotoa samaki jana, ilhali ukanda huo haukai mahali pamoja. Upepo wa mashariki ukivuma siku mbili, husukuma maji ya juu kutoka ufuko wa Michigan na maji baridi hupanda kuziba nafasi, hata ukanda uliokuwa futi 80 ukapatikana futi 30 karibu na nchi kavu. Upepo wa magharibi huufanyia ufuko wa Wisconsin vivyo hivyo. Basi soma upepo wa siku zilizopita kabla ya kusoma taarifa za samaki.

Jambo la pili ni kasi, na hili nililipia kwa siku nzima. Julai moja tulirambaza tangu alfajiri mbele ya Racine, kipimo cha boti kikituonyesha maili 2.5 kwa saa, ambayo ni kasi nzuri kwa Chinook, na hatukupata chochote, ilhali boti iliyokuwa jirani yetu ilipandisha samaki wanne. Adhuhuri tuliazima kifaa kinachofungwa juu ya chubwi, ule uzito unaoshusha mshipi, na kupima joto na kasi kule chini kwenye chambo. Kwa futi 80, tukielekea kaskazini chambo chetu kilikuwa kikienda maili 1.4, na tukigeuka kusini kilikuwa kikikimbia zaidi ya maili 3, kwa sababu kulikuwa na mkondo ambao juu ya maji haukuonekana hata kidogo. Tulipoongeza mwendo wakati wa kuelekea kaskazini, fimbo ya kwanza ilipinda kabla ya nusu saa kupita. Tangu siku hiyo sitazami kipimo cha juu ila kwa ajili ya usalama.

Hatua ya nne: kupanga mishipi

Zana ya msingi ni daunriga, kapi lililofungwa ubavuni au shetri ya boti, lenye waya mwembamba unaoshusha chubwi ya ratili 10 au 12. Mshipi wa fimbo hubanwa kwenye kibanio juu ya chubwi, na samaki akila, mshipi huchomoka ili upambane naye bila uzito ule. Fahamu kwamba mwendo hurudisha waya nyuma, hivyo kaunta ikisoma futi 100 chubwi haijafika futi 100. Mishipi mingine hushushwa kwa daiva, kisahani kinachopiga mbizi na kuvuta chambo pembeni, au kwa mshipi wenye uti wa risasi, uliopakwa rangi kumi, kila rangi yadi 10, na kila rangi huzama takribani futi 5. Tandaza vina tofauti hadi samaki wa kwanza akuonyeshe kina chake, kisha sogeza mishipi mingine miwili au mitatu karibu na hapo, wala usiisogeze yote.

Kuhusu rangi za chambo, watu hubishana usiku kucha. Mimi huanza gizani na vijiko, yaani chambo cha chuma chenye umbo la kijiko, vinavyong'aa baada ya kumulikwa tochi, na jua likipanda natumia flasha, kibao kinachometameta na kuzunguka, ikifuatwa na nzi wa bandia au kipande cha samaki. Sina la kuongeza.

Hatua ya tano: kumpandisha

Fimbo ya daunriga huwa imepinda kama upinde kabla ya samaki kuja. Anapokula, hunyooka ghafla, ncha ikatetemeka, halafu ikazama hadi kugusa maji, na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ikaanza kulia. Shika fimbo, inyanyue kishikioni, na usizungushe rili wakati samaki anakimbia. Chinook mkubwa anaweza kuondoka na yadi 100 au zaidi za mshipi, na anayeikaza breki ya rili kwa hofu huukata mshipi mwenyewe. Mwache achoke. Inua fimbo polepole, kisha zungusha ukiishusha, bila kulegeza mshipi hata kidogo. Afikapo shetri, rudi hatua mbili nyuma ili kichwa chake kielekee kwenye kimia, na mshika kimia angoje kichwa kiingie kwanza, kwa kuwa samaki anayekimbizwa kwa kimia kutoka mkiani hupiga mkia mara moja na kupotea.

Hatua ya sita: mashindano

Kuna mashindano ya aina mbili. Yapo yanayotafuta samaki mmoja mzito zaidi, na yapo ya timu yanayohesabu samaki wote hadi idadi iliyowekwa, na mengi ya haya hutoa pointi 10 kwa kila samaki na pointi moja kwa kila ratili. Fanya hesabu kabla hujaondoka: koho watatu wa ratili 5 wanakupa pointi 45, na Chinook mmoja wa ratili 20 anakupa 30. Kwa hiyo timu yenye busara hujaza kwanza sanduku kwa trauti wa ziwa au koho waliokaa mahali panapojulikana, kisha hutumia saa zilizobaki kumtafuta mkubwa. Soma kanuni za muda wa kushusha mishipi na wa kurejea bandarini, kwani timu nyingi nzuri zimepoteza pointi kwa dakika chache za kuchelewa kwenye mizani.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Grand Rapids: Shikamoo mwalimu. Mimi sijui kuogelea, na mke wangu ananikataza. Je, ni hatari?

Marahaba, ndugu yangu. Mkeo ana haki ya kuogopa. Tarehe 23 Septemba 1967, msimu wa kwanza wa koho wakubwa, wavuvi wengi walitoka na mashua ndogo karibu na mdomo wa Mto Platte, dhoruba ikawakuta, na watu saba wakafa maji. Hata anayejua kuogelea, maji ya nyuzi 8 humnyima nguvu za mikono kwa dakika chache. Vaa jaketi la kuokolea tangu gatini, hakikisha boti ina redio ya mawasiliano ya VHF iliyo kwenye chaneli 16, ile ya wito wa dharura, na ukisoma onyo la vyombo vidogo katika utabiri wa baharini, baki nyumbani.

Dada wa Milwaukee: Mwalimu, mama mjamzito anaweza kula samaki hawa?

Dada, fuata kwanza mwongozo wa afya wa jimbo lako, ambao hutaja aina ya samaki, ukubwa wake na idadi ya milo. Tatizo kubwa ni PCB, kemikali za viwandani zilizopigwa marufuku Marekani mwaka 1979 lakini zimebaki ziwani, nazo hukaa kwenye mafuta ya samaki. Trauti wa ziwa mzee na mnene huwa nazo nyingi. Koho mchanga huwa nazo chache. Ondoa ngozi, mafuta ya tumbo na mgongo, na ule mstari wa nyama nyeusi wa ubavuni, kisha choma juu ya wavu mafuta yadondoke. Usikaange kwa mafuta hayo, wala usiyatumie kupikia mchuzi.

Mwanachama wa Chicago: Watu hawaghushi uzito?

Wapo walioghushi. Septemba 2022 huko Cleveland, katika mashindano ya samaki aina ya wolai ya Ziwa Erie, mkurugenzi alipasua samaki wa washindi mbele ya watu akakuta vipande vya madini ya risasi tumboni. Wahusika wawili walikiri kosa mahakamani mwaka uliofuata na wakafungwa siku 10. Ndiyo maana baadhi ya mashindano huwapima washindi kwa mashine ya kubaini uongo, na mimi naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote.

Kaka wa Mwanza: Je, trauti hawezi kupandwa Ziwa Victoria?

Hawezi, kaka. Maji yetu ya juu huwa karibu nyuzi 25 mwaka mzima, na hata chini hayapoi kiasi cha kumfaa. Kule Kenya wapo katika mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare, nao walipandwa wakati wa ukoloni. Tena sisi tuliopelekewa sangara tunajua samaki mgeni akiingia ziwani hatoki.

Mwanachama mwingine: Fimbo ngapi kwa mtu mmoja?

Michigan na Wisconsin, tatu. Ukiwa peke yako na ndiyo mara ya kwanza, shusha mbili.