Somo: SACCOS yenu ikitaka kununua akili mnemba, anzeni hapa

Wauzaji wa akili mnemba (AI) sasa wanabisha hodi hadi kwenye SACCOS za walimu. Maonyesho yao huwa matamu, maana maswali wanakuja nayo wenyewe. Kabla bodi haijapitisha hela, fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1: Tajeni kazi moja. "Kujibu wanaouliza salio la mkopo usiku" ni kazi. "Twende kidijitali" si kazi. Kama Excel inatosha, ishieni hapo.

Hatua ya 2: Ijaribuni kwa Kiswahili cha wanachama wenu. Hapa msiwe na haraka. Chukueni meseji halisi za WhatsApp, futeni majina na namba, kisha muone inajibuje: "mkop wng umebaki sh ngp", "nmelipa jana mbona haijasoma". Changanyeni na maswali ambayo jibu sahihi ni "sijui, nakuunganisha na karani". Ikibuni riba bila haya, iacheni. Mwaka 2024 huko Kanada, baraza la kuamua migogoro la jimbo la British Columbia liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa kuhusu nauli na roboti ya tovuti yake. Kampuni ilijitetea kwamba roboti ibebe maneno yake yenyewe; ikagonga mwamba.

Hatua ya 3: Taarifa zinalala wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Muuzaji ajibu kwa maandishi: zinahifadhiwa nchi gani, zitafundishia mashine yake au la, zitafutwa lini.

Hatua ya 4: Bei. Zana nyingi hutoza kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. Neno kama "hawajarejeshewa" hukatwa vipande kadhaa, kwa hiyo Kiswahili kwa kawaida hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza. Na ankara mara nyingi ni ya dola. Ombeni gharama ya meseji zenu zilezile za majaribio.

Hatua ya 5: Mlango wa kutokea. Mkataba mfupi, na data zenu zirudi kwenye faili linalofunguka popote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, vijana wetu wa ofisini wanatumia ya bure kwenye simu. Ya kununua ya nini?*
Hiyo ya bure ndiyo inayonitia wasiwasi. Samsung ilipiga marufuku zana hizi mwaka 2023 baada ya wafanyakazi kubandika msimbo wa programu za kampuni, ambao ni siri, ndani ya ChatGPT. Leo hii andikeni katazo: jina, namba ya NIDA na salio la mwanachama havibandikwi humo.

*Inaweza kuamua nani akopeshwe?*
Ipange mafaili, sawa. Kukataa ombi, aachiwe mtu. Sheria ileile ya 2022 ya Hatua ya 3 inampa mwanachama haki ya kudai uamuzi unaomgusa sana usiachiwe mashine peke yake. Walioko Kenya, someni kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

*Muuzaji wetu hataki majaribio mpaka tulipie mwaka mzima, kaka.*
Mwambieni mtalipia mwezi mmoja. Akigoma na hapo, mpeni chai, mshukuruni, mwiteni mwingine.